Tisa Wangu Serikali Haiwahesabu

Jorpura, Rajasthan
20 Septemba 1999

Kesar mwanangu,

Hilo la kuniambia mtoto hajambo nimelisikia, lakini hajambo vipi? Hata kuku hajambo. Niambie anakula nini, anaamkaje, akilia anabembelezwa na nani. Tangu kaka yako apande na Imarti basi la Surat, mimi sikai mahali pamoja. Nikikaa uani nakiona kile kitanda cha kamba alichokuwa akijishikilia kusimama. Nikienda kisimani wanawake wananiuliza, "Bibi Dhapu, yule mdogo wenu yuko wapi?" Nasema kaenda kwa shangazi yake kutibiwa macho. Macho! Mtoto mwenyewe anamwona siafu akiwa upande wa pili wa uwanja.

Anayeandika hapa ni Sugna, mkaza mwanangu, mama wa mtoto mwenyewe. Kajifunika mtandio mpaka kidevuni kwa kuniheshimu, sijui hata mistari anaionaje. Nikisema andika, anaandika. Nikiuliza umeandika, anatikisa kichwa. Basi ndiyo mazungumzo yetu hayo siku hizi.

Kaka yako Bhanwar hana jingine mdomoni ila uenyekiti wa kijiji. Tangu bahati nasibu ichezwe kule wilayani, ikaangukia kwamba safari hii mwenyekiti wa Jorpura lazima awe mwanamke, kila mwenye mke kapata wazimu. Wanaume ambao juzi walikuwa hawamwiti mke wao hata kwa jina, leo jina wanalibandika ukutani, kubwa, kwa rangi ya bluu. Bhanwar naye anataka Sugna agombee. Na sheria iko pale pale, mwenye zaidi ya watoto wawili hasimami. Sugna ana Hukma na Pepa, na Imarti ndiye wa tatu. Ndipo akaja na hiyo akili yake, kwamba Imarti awe wa kwako mpaka kura zipite, maana wewe hujajaliwa, na huko Surat nani anatujua? Alinishika miguu, Kesar. Alisema, "Mama, ni mpaka mwezi wa pili tu, namrudisha mwenyewe mabegani." Nikamwamini, ni mwanangu, nilimnyonyesha.

Hii hesabu ya watoto nayo! Kwenye ukuta wa shule wamechora baba, mama, mvulana na msichana, wote wanacheka kama waliotekenywa, na maneno, Sisi wawili, wetu wawili. Ule ukuta unapigwa jua zuri sana, mimi ndipo ninapobandika vibonge vyangu vya mavi ya ng'ombe vikauke. Mwalimu akanijia juu, "Bibi, unaifunika serikali!" Nikamuuliza, "Wewe kwenu ni wa ngapi?" Akasema wa sita. Nikamwambia, "Nenda kamshukuru mama yako, niachie ukuta wangu." Halafu... ee! Mbuzi kaingia kwenye uwele! Sugna, shika hapo hapo, nakuja!

Wifi, ni mimi Sugna. Mama mkwe amemkimbiza mbuzi. Imarti halali mpaka ashike sikio la mtu. Mlaze ubavuni kwako, mpe la kushoto, atalikunjakunja kisha atalala. Siku ile sikuwahi kukutumia neno, baba Hukma alikuwa ananiharakisha. Tafadhali wifi. Anarudi.

Mbuzi huyu ndiye atakayenizika. Nilikuwa wapi? Sugna anasema nilikuwa kwenye ukuta. Ah, basi, ukuta umekwisha. Nijibu upesi, na usiniletee hajambo.

Dole gumba la mama yako,
Dhapu


Surat
8 Oktoba 1999

Mama, nakugusa miguu.

Anakula! Anakula wali na maziwa, anakula ndizi, mkate wa uwele anautema, hapa hatupati unga mzuri kama wa kwenu. Ana meno mawili mapya. Asubuhi anaamka kabla ya king'ora cha kiwanda, anagonga bakuli na kijiko mpaka baba yake, yaani Mangi Lal, anacheka akiwa bado amelala.

Mama, ungemwona mama mkwe wangu. Mwanamke aliyekaa miaka kumi akinipimia chumvi, aliyekuwa akiniambia mbele ya wageni "huyu wetu ni mti wa plastiki," leo ananiita Kesar binti yangu. Kamnunulia mtoto njuga za fedha za miguuni. Akitembea chumba kizima kinalia. Majirani wakinipitia wanasema, "Mama Pinki, vipi?" Hapa wanamwita Pinki, ni rahisi kwao.

Wifi Sugna, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Lile la sikio nimelifanya. Sikio langu la kushoto limekuwa jekundu, nimevua hereni upande huo. Usiwe na wasiwasi, na msiwe na haraka.

Kesar


Jorpura
25 Oktoba 1999

Kesar,

Pinki ni jina gani? Ni sabuni? Mtoto ana jina. Mimi nilimpa, siku alipozaliwa wanaume walinuna kwa kuwa ni msichana, nikasema basi huyu ataitwa Imarti, kama ile peremende ya samli na sukari, mtu akiita tu mate yanamjaa. Mimi mwenyewe nilipozaliwa baba yangu alikuwa na wasichana watatu, akanipa jina Dhapu, maana yake tumeshashiba, inatosha. Nimeishi maisha yangu yote nikiitwa Inatosha. Sitaki mjukuu wangu afichwe kisha abadilishwe hata jina.

Leo ananiandikia Hasan fundi cherehani, nimekaa kwenye kibanda chake juu ya marobota. Sugna nilimwambia lete kalamu, akasema mkono unamuuma. Mkono haumuumi. Jana kakanda unga wa watu ishirini. Hasan anasema nifupishe, ana gauni la harusi. Nikamwambia gauni litangoja, huyo bwana harusi mwenyewe namjua, hana haraka.

Huku Bhanwar kashonewa suti nyeupe ya uongozi, ndefu, anatembea nayo uani akipiga salamu kwa ng'ombe. Anasema Sugna akishinda yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti na kupiga mhuri, Sugna atakaa nyuma kajifunika. Na anamfundisha mke wake. Asubuhi anamuuliza, "Una watoto wangapi?" Sugna anajibu, "Wawili." Jioni anamuuliza tena, anajibu, "Wawili." Juzi alipouliza hakujibu. Bhanwar kapandisha sauti, "Wangapi?" Sugna kaenda kuchota maji. Mtungi ulikuwa umejaa, Kesar. Akaumwaga, akaenda kuchota.

Unajua serikali na watoto hawakuanza leo. Mwaka ule wa magari ya serikali, ulikuwa mdogo wewe, walikuwa wanakamata wanaume wanawafunga uzazi. Wanaume wa Jorpura wote walilala kwenye uwele, kijiji kizima kilibaki cha wanawake na vikongwe, tukapumzika kweli kweli. Marehemu baba yako alikaa humo siku nyingi, akatoka macho mekundu, akaenda mnadani kununua dume la kulimia, ndiko wakamkamatia. Karudi bila dume, anatembea kama anayevuka maji, mkononi kopo la samli la zawadi. Tisa tulikuwa tumeshazaa! Sijui walikuwa wanazuia nini. Samli ilikuwa nzuri lakini, siwezi kusema uongo.

Nataka kusema nini? Nataka kusema mwezi wa pili si mbali. Usimzoeshe mno. Na wewe usizoee mno. Hasan, umeliandika hilo? Anasema ameliandika.

Dole la mama yako, limechafuka mafuta ya cherehani,
Dhapu


Jorpura
12 Novemba 1999

Wifi Kesar,

Hii naandika peke yangu, karatasi nimeitoa kwenye daftari la Hukma.

Siku ya Diwali nilipaka ukuta chokaa, nikachora kando ya mlango nyayo ndogo ndogo za mungu wa kike wa neema, kama tunavyofanya kila mwaka. Nilipomaliza nikaona nimezichora ukubwa wa mguu wa Imarti. Baba Hukma akanikuta nimekaa nazo. Nikamuuliza, kura zikipita atarudi tarehe gani? Akacheka. Akasema, "Wewe una wazimu? Sheria haiishi siku ya kura. Inakaa miaka mitano yote ya kiti. Siku mtoto atakapoonekana uani, Jetha Ram, mpinzani wetu, atakwenda kushitaki, na kiti kitapotea." Nikamwambia ulimwapia mama. Akasema, "Mama nitamtuliza kidogo kidogo."

Miaka mitano wifi. Hatanijua.

Mama mkwe hajui. Bado anahesabia mwezi wa pili, kamshonea kofia ya kumpokelea. Sijamwambia kwa sababu akijua, kijiji kizima kitajua kabla ya uji kuchemka.

Wewe ulikuwa unajua? Niambie tu hilo. Naomba mwanangu.

Sugna


Surat
26 Novemba 1999

Wifi,

Umeniuliza, sitakudanganya. Nilijua. Kaka alituambia siku ile ile alipomleta, kwenye ngazi, hata viatu hajavua. Alimwambia Mangi Lal, "Mchukueni moja kwa moja. Sisi tuna wawili, nyinyi hamna." Nikadhani na wewe umekubali. Siyo kweli, sikudhani. Sikuuliza, nilipokea tu.

Wifi, una Hukma na Pepa. Asubuhi unaita, wanaitika wawili. Mimi miaka kumi naita nani? Nimefunga, nimezunguka mahekalu bila viatu, nimekunywa dawa zinazonuka kama kunguni. Nilikuwa naogopa kwenda kwenye harusi, wasije wakaniondoa mbele ya bibi harusi, eti tasa ana nuksi. Sasa ninaitwa mwenyewe nimshike mkono. Hujui kitu hicho wewe, ulijaliwa mwaka wa kwanza.

Anasema "maa" sasa. Hukuwepo aliposema. Samahani, lakini hukuwepo.

Usimwambie mama. Atakuja hapa na ile bakora yake.

Kesar


Jorpura
14 Desemba 1999

Kesar,

Barua yako imesomwa. Sugna kanisomea yote, amesimama katikati ya uwanja, uso wazi. Ni mara yangu ya kwanza kuuona uso wa mkaza mwanangu mchana kweupe tangu aolewe. Ana kovu dogo kwenye nyusi, sikulijua. Alipofika pale pa "hukuwepo" akarudi kusoma tena kutoka juu, kana kwamba mara ya kwanza alikosea.

Sikiliza basi lililotokea, na usiniruke.

Nilichukua bakora nikaenda hotelini kwa chai, ndiko Bhanwar anakoshinda na suti yake. Nilikwenda kumpiga, sikufichi. Nakuta Jetha Ram naye yupo, yule mwenye masharubu, anayemsimamisha mke wake upande wa pili. Kabla sijafungua mdomo, Jetha Ram kaanza, "Bhanwar, huyo mgombea wako ana watoto wangapi hasa? Wawili, au wawili na kipande?" Watu wakacheka. Bhanwar kawa mweupe kuliko suti. Kasema, "Wawili, kijiji kizima kinajua." Jetha Ram kasema, "Kijiji kizima kinajua ndiyo, ndiyo maana nauliza." Halafu kaniona mimi mlangoni. "Afadhali mumsimamishe huyu Bibi Dhapu! Tisa wake serikali haiwahesabu, walizaliwa kabla sheria haijazaliwa!" Hoteli nzima ikaanguka kicheko. Mmoja kamwaga chai mapajani.

Mimi sikucheka. Nikamuuliza, "Jetha Ram, unasema kweli au ni masharubu tu?" Kasema, "Kweli, bibi. Sheria ina umri wa miaka mitano, watoto wako wana mvi."

Nikashusha bakora. Nilirudi njia nzima nasema peke yangu, mbuzi wananishangaa. Kesho yake nikampakia Hasan fundi kwenye basi twende ofisini mjini. Karani kijana, ana kikohozi. Nikamwambia nimezaa tisa. Kaacha kuandika. Kaniuliza, "Wa mwisho ana umri gani?" Nikasema anapata thelathini, ana meno mabovu kama baba yake. Karani kasema, "Basi bibi, kwa sheria hii wewe huna kosa lolote. Unaweza kusimama." Nikamwambia sijui kusoma. Kasema, "Dole unalo?" Nikamwonyesha yote mawili.

Umeona mambo hayo? Sugna wa watoto watatu hafai, mimi wa tisa nafaa! Kila mtu hapa alikuwa anamficha mtoto na kunihesabia wajukuu, hakuna aliyenifikiria mimi niliyekaa hapo hapo nachambua dengu.

Jioni nikamwita Bhanwar. Nikamwambia, "Chagua. Ama naingia mimi kwenye uchaguzi, Sugna anatoka, Imarti anarudi hapa uani kila mtu amwone. Ama siku utakayompandisha mkeo jukwaani, mimi nitapanda nyuma yake, niwahesabu wajukuu zangu kwa majina na sauti niliyopewa na Mungu." Kasema, "Mama, watu watanicheka, nitaitwa mtoto wa mwenyekiti." Nikamwambia, "Wewe ni mtoto wa Dhapu tangu zamani, nani alikucheka?" Kavua ile suti, kaenda kulala bila kula. Asubuhi kasema sawa.

Sasa mlete mtoto. Kesar, mimi nilikuzaa wewe wa saba, mwaka wa njaa, na nilikulea kwa uji wa maji. Najua unachoniomba. Ningekuwa na wa kukupa ningekupa. Lakini huyu mwenyewe ana mama, na mama yake yuko hapa mbele yangu anaandika maneno haya, na kalamu imetoboa karatasi mara mbili.

Dole la mama yako,
Dhapu


Surat
24 Desemba 1999

Mama,

Mtoto ana homa. Treni zimejaa. Mangi Lal hapati ruhusa kiwandani, wanachapa sari za msimu wa harusi usiku na mchana. Huko kwenu baridi, atapata kifua.

Haya, siyo hayo. Mangi Lal amekataa. Amesema alipewa, hakuazima. Mama mkwe amesema akiondoka mtoto nami niondoke naye, ila mtoto aende kwenu na mimi niende ninakojua.

Mama, umegombea uenyekiti ili univunjie nyumba? Ulipotaka wa tatu ulimpata, ukataka wa nne, ukataka wa tisa. Mimi mmoja tu. Mmoja tu, na wewe ndiye wa kunihesabia kwamba nimezidi.

Usinitumie tena barua yenye mkono wa Sugna. Mwandiko wake siwezi kuuangalia.

Kesar


Surat
7 Januari 2000

Mama,

Juzi nilifungua mlango nikamkuta Sugna. Peke yake. Kasafiri na basi siku nzima na usiku wake, mwanamke ambaye hajawahi kwenda hata mnadani bila mtu. Kashika mfuko wa unga wa uwele. Kasema, "Uliandika huku hampati mzuri."

Hakumwulizia mtoto, mama. Baba mkwe alikuwa amekaa sebuleni, basi Sugna kajifunika mpaka kifuani kwa adabu, kakaa chini kando ya mlango kama gunia. Mama mkwe kamwambia maneno, unamjua. Mimi nimemshika Pinki nimembana hivi. Mtoto alipomwona mtu asiye na uso aliogopa, akalia, akanikumbatia shingo. Nitakwambia ukweli, nilifurahi. Nikasema moyoni, ona, hakujui.

Baadaye usingizi ukamjia, akawa anazungukazunguka na njuga zake kama afanyavyo akichoka. Akanijia, akashika sikio langu, akaliacha. Akaenda mpaka mlangoni. Akasimama mbele ya Sugna akimwangalia yule mtandio. Kisha akaingiza mkono chini yake, mkono mzima mpaka begani, anatafuta, anatafuta. Nikaona kitambaa kinatembea. Kisha ukatulia. Alikuwa amelipata sikio. Akakaa chini pale pale, akalala, mkono wake umo ndani.

Sugna hakusogea mpaka miguu ikafa ganzi. Hata yeye hakumshika mtoto, mama. Alikuwa ananingoja mimi.

Mangi Lal naye alitoka akasimama kwenye ngazi.

Nimewapandisha basi mwenyewe leo asubuhi. Njuga sikuzivua. Mama mkwe alitaka nizivue, nikamwambia avue za kwangu. Sijui nitakaa nyumba hii au sitakaa.

Usiniandikie habari zake mpaka nikuombe.

Kesar


Jorpura
14 Januari 2000

Kesar mwanangu,

Umesema nisikuandikie habari zake. Sawa. Sikuandikii habari zake, nakuandikia habari za masikio. Katika nyumba hii sasa hakuna sikio lililopona. Hukma anakwenda shule na sikio moja kubwa. Na kuna mtu mmoja hapa, simtaji, akishashika sikio la kila mtu anakaa kitako, anaangalia mlangoni, anasema "maa Kesa." Kila siku. Sugna hamkatazi. Sugna ndiye aliyeanza kumfundisha kuongeza Kesa, ili maa wawe wawili na kila mmoja ajulikane. Na ule wimbo wako wa bakuli na kijiko umetufikia, mbuzi hawapati usingizi.

Basi, nimeishia hapo, mimi siandiki habari zake.

Leo ni sikukuu ya vishada, watoto wote wako juu ya mapaa, kamba zimejaa hewani. Na leo ndiyo wanapokea majina ya wagombea, hebu fikiria, siku yenyewe hii. Tangu alfajiri sijatulia, nimefunga sketi yangu nyekundu ile ya harusi ya kaka yako, nimeifungua, nimeifunga tena. Bhanwar kaja na gari la kukodi la tela na ngoma. Kanifundisha maneno, "Mama, wakikuuliza kitu sema mwanangu atajibu." Nikamwambia nikianza kukosa maneno, kijiji hiki kitajua nimekufa. Na nimeshamwonya. Dole ni langu, nalibeba mwenyewe, na mhuri utakaa humu kwenye blauzi yangu pamoja na tumbaku. Jetha Ram anapita kila nyumba anasema alikuwa anatania. Kachelewa huyo.

Nitakwambia nitakachofanya nikipata. Naona hunisikilizi lakini nitakwambia. Ule ukuta wa shule nitaacha picha yao, wacha wacheke. Ila siku watakapokuja tena kuuliza nani ana wangapi, waje kwangu kwanza, niwape chai, niwaulize wao wa ngapi.

Nyumba yako, Kesar. Mangi Lal kampigia simu Bhanwar pale hotelini. Kauliza kama unga wa uwele unaweza kutumwa kwa basi. Mwanamume anayetaka kumfukuza mke haulizi unga. Mama yake sijui, huyo mwachie chumvi yake. Lakini wakikusumbua, kitanda cha kamba kipo, uani papo, na yule nisiyemtaja yupo. Huji kama mgeni. Sikukuu ya Holi si mbali, rangi za kurushiana nimeshanunua. Ukija usivae hereni kubwa...

Nini? Naam! Bhanwar anaita. Anasema msimamizi wa uchaguzi anafunga meza saa tisa, na gari limewashwa. Nimesikia! Usinipigie honi, mimi si ng'ombe! Sugna, acha hapo hapo, usiongeze kitu. Nipe mtoto. Ndiyo, nakwenda naye, huku huku kiunoni, mbele ya Jetha Ram na masharubu yake, mbele ya karani, na njuga zake zilie. Waache wahesabu.

Dole nitaliweka nikirudi, sasa hivi wanalitaka kule.